Kujifunga au kufungwa tu: mnatofautishaje kwa wapenzi waliokaa pamoja muda mrefu?

Nanga_Mbili:

Wakuu, habari za humu.

Swali langu linahusu wapenzi waliokwisha kuvuka ile hatua ya kupendana kwa pupa. Chukulieni watu wawili wenye miaka 6 pamoja, 4 kati ya hiyo wako chini ya paa moja. Hawagombani. Bili zinalipwa, vyombo vinaoshwa, kila mmoja anajua mwenzake analala upande gani. Lakini ikiguswa habari ya mwaka ujao, mmoja anakumbuka kwamba ana simu ya kupiga. Ukiwauliza kila mtu peke yake, wote wanajibu "tupo pamoja". Ukiuliza pamoja kwa ajili ya lipi, kimya.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni "mkae chini mzungumze". Sawa, ila mazungumzo hayo yana namna yake na wengi wanayaharibu dakika za mwanzo. Naomba wenye ujuzi mnieleze: mtu anajuaje kama wawili hawa wamejifunga kwa hiari au wamezoeana tu? Mazungumzo yenyewe yanaendeshwaje? Na ikigundulika mmoja yuko mbele na mwenzake yuko nyuma, nini kinafuata? Nahitaji hatua, muda, maneno yenyewe ya kusema, na pale panapoharibika.

---

Kitasa:

Nanga, nianze na kitenzi ulichokiweka kwenye kichwa cha habari, maana jibu limo humo. Aliyejifunga na aliyefungwa wanafanana kwa nje kwa sababu wote wawili hawaondoki. Ndani ni watu wawili tofauti kabisa.

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani Scott Stanley na Howard Markman walitengeneza kipimo kinachovitenga vitu hivi. Upande mmoja waliweka nia ya mtu mwenyewe ya kuujenga uhusiano. Upande wa pili wakaweka vizuizi, yaani yale yanayofanya kuondoka kuwe na gharama: nyumba, watoto, madeni ya pamoja, macho ya watu. Vizuizi si adui. Ndivyo vinavyomzuia mtu asivunje kila kitu kwa hasira ya wiki moja. Ubaya unaanza pale vinapobaki peke yake, nia imekwisha au haikuwahi kusemwa.

Miaka kama kumi kabla yao, mwanasaikolojia Caryl Rusbult alikuwa ameshauliza kwa nini mtu hubaki hata katika siku ambazo haridhiki. Akaja na mambo matatu: kuridhika kwenyewe, ubora wa njia nyingine alizonazo (mtu mwingine, au hata kuishi peke yake), na kile alichokwisha kukiweka humo ambacho hakirudi, kama miaka, siri na marafiki wa pamoja. Ndiyo maana "hawagombani" haikwambii kitu. Mtu anaweza kuwa ameridhika kidogo sana na bado akawa habanduki, kwa kuwa amewekeza mengi na haoni pa kwenda. Ukimuuliza "una furaha?" umeuliza swali moja kati ya matatu.

Sasa angalia waliingiaje nyumba moja. Mara nyingi hakuna siku iliyoamuliwa. Mswaki ulibaki Jumapili. Nguo za kazi zikafuata. Mkataba wa pango wa mmoja ukaisha, kulipa kodi mbili kukaonekana hasara, godoro la pili likauzwa. Siku godoro linatoka mlangoni hakuna aliyesema "tunaanza maisha". Kilichosemwa ni "halina pa kukaa hili". Mwaka 2006 Stanley, Markman na Galena Rhoades waliiandika hali hii kuwa ni kuteleza badala ya kuamua: vizuizi vinapanda juu kabla nia haijatamkwa. Walioteleza wanaweza kupendana sana. Tatizo ni kwamba mmoja huenda aliamua kimoyomoyo siku ile, na mwenzake alikuwa anapunguza kodi, na hawajawahi kulinganisha.

Kipimo ninachokiamini ni cha karatasi. Kila mtu chumba chake, dakika 15, mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika: "Nikiondoka leo, nini kitaniuma au kunigharimu?" Kulia andika: "Ndani ya miezi 12 nataka kujenga nini na mtu huyu?" Kushoto hujaa haraka kwa kila mtu, kusikutishe. Soma kulia. "Tuendelee vizuri" silihesabu, kwa sababu halina tendo wala tarehe. "Nimfundishe kuendesha gari kabla ya Juni" nahesabu. "Tupunguze lile deni kwa nusu" nahesabu. Kwa mizani yangu, mambo matatu ya aina hiyo ni dalili kwamba mtu amejifunga. Kulia kukiwa kutupu na kushoto kumejaa hadi nyuma ya ukurasa, huyo amefungwa, na ni vema ajue mapema.

Panapoharibika ni hapa: wanaandikia meza moja wanachunguliana, au wanabadilishana karatasi hapohapo. Anayejua atasomwa baada ya dakika tano huandika barua ya mapenzi. Karatasi zilale usiku mmoja, na kila mtu aamue mwenyewe ni mistari ipi ataisoma kwa sauti.

Kipimo cha pili hakihitaji karatasi. Mwaka 1998 Christopher Agnew na wenzake walionyesha kwamba watu waliojifunga zaidi, wanapoeleza mawazo yao kuhusu uhusiano wao, hutumia zaidi wingi wa "sisi". Kiswahili kinaliweka jambo hilo kwenye silabi moja: "mwakani nitahama" na "mwakani tutahama". Sikiliza silabi hiyo kwenye mambo makubwa tu, kama kazi, makazi au mzazi anayeugua, tena mtu akiwa anazungumza bila kujipanga. "Tumekula" haina uzito. Na uwe makini na "tu" ya amri. Mtu anaweza kusema "tutahama" kumbe ameamua peke yake. Muulize mwenzake alijua lini.

---

Dakika_Ishirini:

Kitasa amemaliza upande wa kupima. Mimi nashika mazungumzo.

Kwanza wakati. Yasifanyike kitandani, yasifanyike ndani ya gari, yasifanyike baada ya ugomvi. Kitandani mmoja amechoka, na chumba cha kulala kinageuka ukumbi wa kesi. Kwenye gari hakuna anayeweza kutoka. Wapeane taarifa siku mbili au tatu kabla, na mada itajwe: "Jumamosi asubuhi nataka tuzungumze tunakoelekea, saa moja tu. Sina shtaka." Ukisema tu "tunahitaji kuzungumza" bila mada, mwenzako anakaa siku tatu akijiandalia utetezi.

Dakika 50 zinatosha, na wapange vikao viwili tangu mwanzo. Kikao cha kwanza ni cha kusikia tu, hakuna kinachoamuliwa. Cha pili, baada ya siku 3 hadi 7, ndicho cha kuamua. Wanaounganisha vyote siku moja hupata ahadi iliyotolewa ili mazungumzo yaishe, na ahadi ya namna hiyo haifiki mwezi.

Ufunguzi ndio wenye kazi kubwa. Sybil Carrère na John Gottman walichapisha mwaka 1999 utafiti uliofuatilia wanandoa wapya kwa miaka 6, na dakika 3 za kwanza za mazungumzo yenye mvutano ziliweza kutabiri nani wangeachana. Linganisha hizi:

"Kila nikigusa mambo ya mbele unakimbia. Wewe hujawahi kuwa serious."

"Wiki iliyopita nilipotaja mkataba wa nyumba, ulitoka kupiga simu. Nilibaki na hofu kwamba swali langu ni mzigo. Naomba leo unisikilize dakika tano, kisha nikusikilize wewe."

Ya pili ina tukio moja, hisia ya msemaji na ombi moja linalotekelezeka. Haina "kila", haina "hujawahi", haina sifa ya tabia ya mtu.

Zamu ziwe za dakika 5 kwa saa ya simu. Anayesikiliza hajibu. Anarudia alichosikia kwa maneno yake, kisha anauliza "nimekupata?" Jibu likiwa "bado", anarudia tena. Inachosha, najua, na watu huiacha dakika ya kumi wakidhani wameshaelewana. Hapohapo ndipo kutoelewana hurudi, maana kila mmoja anajibu alichodhani kimesemwa.

Maswali yawe ya tarehe na kitendo. "Unanipenda?" litajibiwa "ndiyo" na hamtasogea hata hatua. Uliza hivi: "Ukipata kazi mbali, tunafanyaje mimi na wewe?" "Unataka watoto, na ukitaka, kufikia mwaka gani?" "Kuna mtu au mpango wowote umeuweka akiba endapo sisi hatutafika?" Hili la mwisho ni zito na liulizwe kwenye kikao cha pili.

Moyo ukianza kwenda mbio, simamisha. Gottman anaeleza kuwa mapigo yakipita kama 100 kwa dakika mtu akiwa amekaa, uwezo wa kusikiliza unashuka sana, na mwili unahitaji angalau dakika 20 kutulia. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukifika 25 katika hesabu ile ya kwanza, hapo mpaka wako. Sema: "Nimejaa. Narudi saa nne na nusu." Taja saa. Anayeomba kupumzika ndiye mwenye wajibu wa kurudi na kuanzisha, na isipite siku moja. Dakika 20 hizo usizitumie kuandaa hoja wala kumwandikia rafiki, kwa sababu moyo hautashuka. Kunja nguo, tembea, mwagilia mimea.

Na kuna jambo moja likatazwe kabisa: tishio la kuachana kama silaha ya kushinda hoja. "Basi tuachane" ikisemwa mara tatu ndani ya ugomvi wa kawaida, anayeambiwa anaanza kujilinda, tena kwa akili kabisa. Anaweka fedha pembeni, anafufua urafiki wa zamani, anaacha kupanga ya mbali. Baadaye unamlaumu kwamba hajajifunga, ilhali ni wewe uliyemwonyesha mlango. Kama kweli unafikiria kuondoka, sema ukiwa umetulia, nje ya ugomvi, kama taarifa.

---

Nanga_Mbili:

Asante sana Kitasa na Dakika. Hilo la vikao viwili sikuwahi kulifikiria. Sasa kikao cha pili kimefika, mmoja anasema "mimi nataka maisha na wewe", mwenzake anasema "sijui bado". Hiyo "sijui" inashughulikiwaje baada ya miaka 6?

---

Mizani:

"Sijui" ziko za aina tatu, dawa zake haziko sawa.

Kuna "sijui" ya hofu: anamtaka mtu huyu, anaogopa kile kinachokuja nacho, kama ndoa aliyoiona ikivunjika au deni analolificha. Huyu ukimpa ahadi ndogo anaitimiza, na mara nyingi anaongeza. Kuna "sijui" ya jambo mahususi: angejifunga kesho kama si ulevi, au ndugu, au suala la watoto. Huyu akiulizwa "nini kikibadilika utajua?" anajibu kwa sentensi moja. Na kuna "sijui" ambayo ni "hapana" inayoogopa kusemwa. Huyu ukimpa ahadi ndogo anaikubali haraka na haitimizi, na swali la "nini kikibadilika" linamfanya azunguke.

Kwa hiyo msilazimishe jibu. Wekeni ahadi ndogo tatu za wiki 8 hadi 12, zenye kitendo kinachoonekana: kwa mfano kuonyeshana madeni na akiba zote kwa tarehe fulani, kumtambulisha mwenzake kwa mtu muhimu ambaye hajawahi kumwona, kwenda kwa mshauri wa mahusiano vikao vinne. Ziandikwe. Angalieni utekelezaji. Maneno ya katikati yasiwapotoshe.

Muda huo usemwe wazi. Wengi huweka tarehe ya siri moyoni, "nikifika Desemba bila jibu naondoka", halafu siku inafika na mwenzao hajui kwamba alikuwa kwenye mtihani. Aliye mbele naye aache mbinu mbili: kutoa zaidi ili amvute mwenzake, na kununua kitu kikubwa cha pamoja ili wakazane. Zote zinaongeza kile Kitasa alichokiita vizuizi. Nia haiongezeki hata chembe.

Onyo, na hili ni muhimu kuliko yote niliyoandika. Kama kuna kipigo, vitisho, kunyang'anywa simu au fedha, au kukatazwa kuonana na ndugu, yote yaliyo juu hapa yasitumike. Mwaka 1995 Rusbult na John Martz walichunguza wanawake waliokuwa wamekimbilia hifadhi baada ya kupigwa. Waliorudi kwa wapigaji walikuwa zaidi wale wasio na njia nyingine na waliokwisha kuwekeza mengi. Yaani nguvu ileile inayowashikilia wapenzi wema ndiyo inayomrudisha mtu kwenye hatari. Mtu wa namna hiyo hahitaji karatasi ya mstari katikati. Anahitaji pa kulala, fedha kidogo mkononi, nyaraka zake na mtu anayejua mpango wake wa kutoka. Na asimpe mpigaji taarifa ya siku mbili kabla.

---

Uzi_Mweupe:

Naongeza upande ambao haujaguswa, wa siku za kawaida baada ya kuamua. Uamuzi ukishatamkwa, unalindwa au unakufa kwa mambo ya sekunde chache.

Mtu yuko dirishani, anasema "njoo uone mwezi ulivyo leo". Hazungumzi habari ya mwezi. Anauliza kama upo. Unaweza kusimama, unaweza kuitikia "mm" macho yakiwa kwenye skrini, unaweza kusema "niache nina kazi". Gottman aliwarekodi wanandoa wapya na kuwafuatilia kwa miaka 6: waliokuwa bado pamoja waliitikia miito midogo ya namna hii mara 86 katika 100, walioachana mara 33. Si lazima uache kila kitu. "Nipe dakika mbili nimalize sentensi hii", kisha uende kweli, ni kuitikia. Ukisema dakika mbili usiende, umefanya vibaya kuliko aliyekataa.

Kuna pia ile hesabu ya Gottman ya mazuri matano kwa baya moja. Watu huielewa vibaya, wanadhani ni sifa tano kwa siku. Ilipimwa wakati wa mabishano yenyewe. Maana yake ni kwamba hata mnapotofautiana kuwe na kutikisa kichwa kwa kuelewa, kugusa mkono, "hapo uko sawa", swali la kweli. Ukisubiri ugomvi uishe ndipo ulete zawadi, umeshachelewa.

Mazoea nayo yana dawa yake. Arthur Aron na wenzake mwaka 2000 waliwafunga wapenzi pamoja kifundo cha mkono na cha mguu, wakawataka watambae juu ya mkeka wakibeba mto bila kutumia mikono, dakika 7. Waliofanya hivyo waliutathmini uhusiano wao kuwa bora kuliko waliopewa zoezi la kawaida. Mpya ndiyo dawa. Ya kupendeza tu haitoshi. Kwenda mahali palepale mnapopapenda kila mwezi ni raha, ila haiamshi kitu. Chagueni jambo ambalo wote wawili ni wanagenzi, saa moja au mbili, mara mbili kwa mwezi. Mmoja akiwa bingwa na mwenzake mwanafunzi, linageuka darasa, na mwanafunzi anachoka kusahihishwa.

Na kuhusu watu wa nje: Dennis Johnson na Rusbult walionyesha mwaka 1989 kwamba aliyejifunga humwona mtu mwingine mwenye mvuto kuwa wa kawaida kuliko anavyoonekana kwa asiyejifunga. Kwa hiyo mtu aliyeanza "kumwona" mwenzake wa kazini katika mwaka wa saba asikimbilie kujilaani. Aichukue kama taa ya onyo kwamba nia imepungua nyumbani, akaikague. Kanuni ninayopenda kwa ujumbe wa simu: ukijikuta unafuta kabla ya kuingia ndani, hilo ni la kumweleza mwenzako usiku huohuo, likiwa bado dogo.

---

Dakika_Ishirini:

Mizani, nakubaliana na wewe isipokuwa kwenye wiki 8 hadi 12. Tarehe isiyofungwa kwenye kitu halisi husogezwa. "Tupeane miezi mitatu" inaisha katikati ya msiba, mtihani au safari, na hakuna mwenye moyo wa kuikumbusha. Ningeifunga kwenye jambo lililopo tayari kwenye kalenda yao na lisilosubiri: mkataba wa nyumba unaoisha, tarehe ya kujibu barua ya kazi. Kama mkataba unaisha baada ya miezi 5, kikao cha tatu kiwe miezi 2 kabla, ili asiyejifunga awe na muda wa kutafuta pa kuhamia bila kuomba huruma. Na kabla ya kusaini tena, kila mmoja atamke kwa mdomo wake anasaini kwa sababu gani. Mmoja akisema "kuhama ni gharama", msisaini siku hiyo. Rudini kwenye karatasi ya Kitasa, upande wa kulia.

---

Nanga_Mbili:

Nimepata. Nitaanza na karatasi, kila mtu chumba chake, na zilale usiku mmoja. Swali dogo la mwisho kwa Kitasa: na kama wote wawili upande wa kulia ni mtupu?

---

Kitasa:

Basi wako sawa, na hiyo ni nafuu kuliko mmoja kuwa na mistari kumi na mwenzake hana hata mmoja. Wasubiri wiki mbili, waandike tena, safari hii wakiwa wametoka kufanya lile jambo jipya la Uzi_Mweupe angalau mara mbili. Kulia kukipata hata mstari mmoja kwa kila mtu, waanze na huo huo. Kukibaki kutupu, wachukue upande wa kushoto, waugawe vipengele, na wazungumze jinsi ya kuachana bila kuumizana: nyumba nani anabaki nayo, deni linagawanywaje, nani anawaambia wazazi, na lini.